Usimfungie Mwenzako Mlango



Siku ya kufunga ndoa tuliahidi mbele ya altare kuwa waaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi wetu tulifikiria malaria ya wiki moja, au kulazwa hospitalini siku chache. Hatukufikiria kwamba ugonjwa waweza kuwa jambo dogo la kila siku ambalo mtu huona haya kulitaja hata kwa mke wake. Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo kama hilo, nalo ni mkojo.

Katika kigango chetu yuko fundi wa ujenzi aliyeanguka kutoka ghorofani akaumia uti wa mgongo. Mikono yake ni mizima, lakini miguu haina nguvu, na kibofu kikijaa hajui. Mke wake alikuwa akiamka kabla ya jogoo kuwika ili afue mashuka, majirani wasiyaone. Naye mume, akitaka kuja Misa, alikaa tangu Jumamosi mchana bila kunywa hata maji, akiogopa kulowa mbele za watu. Mwishowe aliacha kuja kanisani, kisha akamwambia mke wake alale chumba cha watoto.

Mama huyo alipokuja kwangu, nilimjibu haraka kama tulivyozoea: "Mama, beba msalaba wako." Akaniambia, "Mwalimu, msalaba nimeukubali. Ninayemkosa ni mwenzangu wa kuubeba naye." Niliona aibu. Miaka mingi nimeongoza Njia ya Msalaba, na siku hiyo nilikuwa nimemsahau Simoni wa Kirene.

Nilimwendea mume. Alisema, "Sikumwoa ili anioshe kama mtoto mchanga." Hapo nikamkumbuka Petro katika Injili ya Yohane, sura ya 13. Bwana alipopiga magoti na beseni, Petro alikataa katakata. Alimpenda Bwana, lakini kuoshwa na mtu unayemheshimu kunakuvua ukubwa wako wote. Ndipo Yesu akamweleza kwamba asipokubali kuoshwa, hatakuwa na sehemu pamoja naye. Ndugu zangu, kutumikia ni upendo, na kukubali kutumikiwa ni upendo pia. Mara nyingi huu wa pili ndio mgumu zaidi. Anayemfungia mwenzake mlango kwa sababu ya aibu anamnyima sehemu ya ndoa yake.

Hata hivyo, sala haiondoi haja ya elimu. Tulimwomba muuguzi aje nyumbani, na wote wawili wakaketi kumsikiliza. Alitueleza kwamba figo hutengeneza mkojo mchana na usiku. Kibofu kikijaa, habari hupita katika uti wa mgongo hadi ubongoni. Uti ukiumia, habari hizo hukatika. Wengine mkojo huwatoka bila kujua. Wengine hubaki nao ndani, na ukibaki waweza kuleta maambukizi, au kurudi nyuma na kuharibu figo. Kwa hiyo si uzembe, si laana, wala hakuna aliyerogwa.

Yako matunzo yanayofaa. Wengi hutumia mpira mwembamba uitwao katheta, ambao mtu huuingiza, humwaga mkojo wote, kisha huutoa, kwa kawaida kila baada ya saa 4 hadi 6. Tangu mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mgonjwa aweza kufanya hivyo mwenyewe, kwa usafi wa kawaida na mikono iliyonawa vizuri. Lakini asijaribu kabla ya kufundishwa na muuguzi. Kujinyima maji ni kosa, maana huongeza hatari ya maambukizi na mawe. Homa, kutetemeka kwa baridi au damu katika mkojo ni sababu ya kwenda hospitali. Na aliyeumia uti sehemu ya juu, akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa pamoja na jasho, akalishwe wima, kibofu kimwagwe upesi, na apelekwe hospitali bila kungoja. Shinikizo la damu laweza kupanda na kumwua.

Mume yule alijifunza. Sasa simu yake humlilia saa ikifika, naye hujihudumia. Mke hununua sabuni na kuweka maji safi tayari, na usiku analala. Siku nyingine kitanda hulowa bado, na hawaulizani ni kosa la nani. Hata juu ya tendo la ndoa walithubutu kuuliza, na muuguzi akawaambia wamwage kibofu kwanza, wasikate tamaa. Mama amerudi chumbani kwake. Na mashuka siku hizi huanikwa mchana, kwenye kamba ya nje.

Wewe uliye mgonjwa, mwambie mwenzako ukweli kabla aibu haijageuka kuwa ukali. Wewe unayetunza, funga mlango unapomhudumia, usiyasimulie sokoni, na ukichoka sema umechoka. Nasi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tusikunje pua. Tumwekee ndugu yetu nafasi karibu na mlango wa kanisa, na tumpokee mama zamu angalau siku moja kwa wiki.

Ya kuzungumzia nyumbani, ninyi wawili tu:
1. Ni jambo gani la mwili wangu ninalokuficha, na kwa nini?
2. Nikiugua muda mrefu, ningependa unihudumie vipi?

Tuombe: Ee Bwana uliyeosha miguu ya wafuasi wako, utupe mikono isiyochoka kuhudumia, na moyo usioona haya kuhudumiwa. Amina.