Kwa Nini Valencia Huchoma Sanamu Zake

Fallas ni sikukuu ya jiji la Valencia, kwenye pwani ya mashariki ya Hispania. Kilele chake ni tarehe 19 Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala. Kila mtaa una kamati yake, na wanachama huchangishana fedha mwaka mzima ili wasanii wawajengee sanamu za kuwakejeli wanasiasa, matajiri na watu mashuhuri. Sanamu hizo, nyingine zenye urefu wa zaidi ya mita 20, husimamishwa kwenye njia panda kwa siku chache. Usiku wa tarehe 19 hutiwa moto, isipokuwa chache mno. Swali la kifalsafa ni hili: jamii inapoteketeza kwa hiari yake kazi nzuri kama hizo, inapoteza nini na inapata nini?

Simulizi maarufu husema kwamba zamani maseremala walichoma mabaki ya mbao pamoja na vinara vilivyobeba taa zao za majira ya baridi. Hata kama ndivyo ilivyoanza, maelezo hayo hayatoshi. Anayechoma takataka hana anachopoteza, na sanamu za leo si takataka.

Dini inatoa jibu la karibu zaidi. Tarehe 17 na 18 Machi wanawake waliovaa hariri humpelekea maua Bikira Maria, Mama wa Waliotelekezwa, na wapambaji hupanda kiunzi cha mbao wakiyapanga maua hayo yawe joho lake. Siku chache baadaye yamenyauka, wala hakuna anayesikitika, kwa kuwa sadaka ikishatolewa hairudi. Hata hivyo, sanamu za mitaani hazitolewi kwa Mungu. Zimeundwa kwa dhihaka, na moto wake huzungukwa na fataki, muziki, na maandazi ya maboga yanayoliwa kwa chokoleti ya moto.

Aristotle alitofautisha kutengeneza na kutenda. Lengo la kutengeneza ni kitu kitakachobaki kazi ikiisha, ilhali lengo la kutenda limo ndani ya tendo lenyewe. Kwa kipimo cha kwanza, Fallas ni hasara tupu. Kwa kipimo cha pili, kinachodumu ni kule kuchanga, kujenga, kucheka na kuchoma pamoja. Mwaka 2020 ulithibitisha hilo: sanamu zilikuwa tayari, lakini sikukuu ikafutwa kwa sababu ya korona, na sanamu nyingi zikakaa ghalani hadi Septemba 2021. Sanamu zilikuwepo, Fallas haikuwepo.

Watu wa Valencia hawadharau kuhifadhi. Kanisa lao kuu limetunza tangu 1437 kikombe cha akiki ambacho waumini wengi huamini kilitumiwa na Yesu kwenye Karamu ya Mwisho. Tangu 1934 wananchi hupiga kura kuokoa sanamu chache, ambazo hupelekwa katika Makumbusho ya Fallas. Lakini sanamu iliyookolewa hutengwa na wenzake, na miaka ikipita mtazamaji hajui tena nani alikuwa akichekwa. Makumbusho huokoa umbo, na kejeli hufifia.

Pingamizi zito zaidi linahusu madhara. Plastiki nyepesi iliyochukua nafasi ya mbao na karatasi ngumu hutoa moshi mweusi wenye sumu, na baadhi ya wasanii wameanza kuiepuka. Hoja ya kwamba mtu ana haki ya kuchoma alichokijenga haimpi haki ya kuharibu hewa ya jirani.

Usiku wenyewe, zimamoto humwagia maji kuta za nyumba, malkia wa sikukuu huwasha utambi, mara nyingi machozi yakimtoka, na sanamu huporomoka kwa dakika chache. Machozi hayo yanaonyesha kwamba hasara ni ya kweli. Bila hasara hiyo, hata hivyo, mtaa usingekuwa na sababu ya kukutana tena kujenga. Kwa hiyo uzuri hauhitaji kudumu ili uwe na thamani. Unahitaji watu walio tayari kuuanza upya.