Amana Iko Mikononi mwa Nani?



Ramadhani iliyopita diski ya kompyuta ya jumuiya yetu ilikufa. Zikapotea darsa za miaka miwili tulizorekodi baada ya alasiri, na orodha ya wanafunzi tuliowasaidia kwa mfuko wa zaka. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu.

Nikapendekeza tutumie IPFS, mtandao ulioanza mwaka 2015, ambamo faili halilazimiki kukaa kwenye seva ya kampuni moja. Linaweza kuhifadhiwa na kompyuta za watu wengi. Faili hutambulika kwa alama inayotokana na yaliyomo ndani yake. Ukibadilisha herufi moja tu, alama inakuwa nyingine, hivyo ni vigumu mno kupewa nakala iliyochezewa usigundue. Uturuki ilipoifungia Wikipedia Aprili 2017, nakala ya Kituruki iliwekwa humo. Sisi wa Uganda tuliozimiwa intaneti Januari 2021 tunaielewa haja hiyo.

Kikaoni, dada anayesimamia mfuko akaniuliza: "Kaka katibu, mtu akija kesho akasema nifutieni jina langu, utaweza?"

Nikajibu kwamba orodha tutaifunga kwa ufunguo wa siri, na siku hiyo tutautupa ufunguo.

"Utakuwa umetupa ufunguo," akasema, "sanduku umeliacha njiani."

Sikuwa na jibu. Faili likikosa wa kulihifadhi, linatoweka. Lakini akiwepo mmoja aliyelihifadhi, siwezi kumlazimisha alifute. Nilifundishwa kwamba aliyewekewa amana haipeleki kwa mwingine bila ruhusa ya mwenyewe. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili azirudishe amana za watu. Kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Sasa huyu aliyehifadhi kwenye kompyuta yake kifurushi kilichofungwa, asichojua kina nini, tumuulize nini? Hatuwezi kumwita khaini, wala mwaminifu. Wapo watakaosema kompyuta ni kabati tu. Lakini kabati halitoi nakala.

Darsa tumeziweka huko, baada ya kumwomba sheikh ruhusa. Yeye alitaka zienee. Nyingi tulizipata tena kwenye simu za wanafunzi (kumbe zilikuwa zimeshatawanyika kwa watu wengi kabla sijaleta mtandao wowote!). Orodha tumeiandika upya kwenye daftari, kila mtu na ukurasa wake, ndani ya kabati la ofisi lenye funguo mbili, mmoja wa dada yule na mwingine wangu. Wiki iliyopita alikuja mmoja wao. Tukauchana ukurasa wake, akaukunja, akaondoka nao.

Daftari hilo halina nakala ya pili, na paa la ofisi yetu linavuja.