Bonasi Imeingia, Amani Imetoka



Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kapsoit hadi Bomet, mwezi wa Oktoba huwa ni mwezi wa furaha na pia wa magomvi. Mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa kilo za majani mabichi alizopeleka kituoni. Baadaye, mwaka wa hesabu ukiisha mwezi wa Juni, huja malipo ya pili, ndiyo bonasi. Siku hizo wauza makochi, televisheni na pikipiki hawalali. Wiki chache zikipita, nyumba nyingine ina kochi jipya, lakini mume na mke hawasemezani, na karo ya Januari haijulikani itatoka wapi.

Kwa nini tunataka vitu kupita mahitaji yetu? Kwanza, tumbo lina mpaka, macho hayana. Mwenye njaa akila hushiba. Bali anayenunua ili alingane na jirani hatashiba kamwe, kwa kuwa jirani naye ananunua. Pili, kitu kipya huzoeleka upesi. Kochi la mwaka jana, lililotufanya tuwaite wageni, leo tunalikalia bila hata kuliona.

Tatu, na hili ndilo linalogusa ndoa, mara nyingi kitu tunachodai sicho tunachohitaji. Mfikirie mama anayechuma chai tangu asubuhi na mapema, kapu mgongoni, baridi na mvua vikimpiga. Mwishoni fedha zinaingia katika akaunti ya mume, kwa sababu jina lililoandikishwa kiwandani ni lake. Mama huyo akidai kabati la vyombo, huenda anadai kuhesabiwa. Baba naye anayetaka pikipiki ya pili huenda anatafuta mitaani heshima anayoona ameikosa nyumbani. Lakini kabati halijui kusema asante, wala pikipiki haimheshimu mtu. Ndiyo maana mwaka ujao kila mmoja atadai kingine.

Someni pamoja Injili ya Luka, sura ya 12, kuanzia aya ya 13. Ndugu wawili wanagombania urithi, na Bwana Yesu anawapa mfano wa tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Angalieni jinsi anavyopanga mipango yake: anasema na nafsi yake tu. Hamna mke katika maneno yake, hamna watoto, hamna jirani wala Mungu. Usiku uleule anaitwa, na mali haijulikani itakuwa ya nani. Mume anayeimaliza bonasi mjini kabla ya kufika nyumbani, au mke anayekopa kwa siri, amekwisha kuingia katika ghala hilo peke yake.

Kanisa halikatazi maendeleo. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba si vibaya kutaka maisha bora. Ubaya ni kudhani kuwa na vitu ndiko kuwa mtu. Wazee wa Kipsigis nao walikuwa na desturi ya kuweka baadhi ya ng'ombe wao kwa rafiki, awachunge na kunywa maziwa. Mali ilifunga urafiki. Haikuwa ya kutazamwa tu.

Basi, fanyeni hivi. Kabla bonasi haijafika, ketini wawili na karatasi moja. Andikeni kwanza madeni, pamoja na ya mbolea, kisha karo, chakula, matibabu, na sehemu ya maskini wa jumuiya yenu. Kila mmoja ataje kitu kimoja anachokitamani na aeleze sababu, mwenzake akisikiliza bila kumkata kauli. Kisha subirini mwezi mmoja. Kama bado kinahitajika na fedha zipo, kinunueni kwa amani.

Nawe baba, kabla ya kuhesabu noti, mshukuru mkeo kwa kazi ya mikono yake, na umwonyeshe karatasi ya malipo. Nawe mama, umshukuru mumeo mbele ya watoto. Shukrani haikatwi katika bonasi, na nyumba iliyoizoea haihitaji vitu vingi ili ijione tajiri.

Mungu azibariki ndoa zenu.