Kikuukuu, Kikongwe na Kipya: Maadili ya Kuchagua Kitanda

Swali la namna ya kukitia vyombo chumba cha kulala laweza kuonekana dogo mno kuingia katika kurasa za jarida letu. Mtu ana fedha kiasi, ana chumba kitupu, na mbele yake zipo njia tatu: kuchukua kitanda kilichoachwa na wazee, kununua kingine cha zamani kwa mchuuzi, au kumwagizia seremala kipya. Atachagua kwa kadiri ya mfuko wake na macho yake, na yatakuwa yamekwisha. Lakini hayakwisha. Katika uchaguzi huo mna haki za watu wengine: aliyekitengeneza kitanda, aliyekiuza, ndugu waliokirithi, na hata mtoto ambaye hajazaliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba umri wa kitu hautoshi kumwongoza mwenye kuchagua, na kwamba lugha yetu imekwisha kutupa kipimo kilicho bora, iwapo tutakubali kuisikiliza.

Tuanze na maneno, maana hayo ndiyo mali ya mwalimu wa lugha. Kiswahili hakikutosheka na neno moja la kutaja uzee wa kitu. Kitanda kikuukuu ni kile kilichochakaa kwa kutumika. Kitanda cha zamani ni cha wakati uliopita, na neno hilo halikisifu wala halikikashifu. Kitanda cha kale ni cha enzi nyingine, ambayo waliokuwamo hawapo tena kutusimulia. Tena kuna kikongwe. Aghalabu neno hili hutumiwa kwa binadamu aliyekula chumvi nyingi. Tunapolivika kitu, kama katika jina la Mji Mkongwe wa Unguja, tunakipa kitu hicho heshima ya mzee. Mwanafunzi akiuliza kati ya kikuukuu na kikongwe kuna miaka mingapi, mwalimu hana budi kumjibu kwamba tofauti hiyo haimo katika hesabu ya miaka.

Watunga sheria hawana nafasi hiyo. Wao lazima wachore mstari. Katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha za mataifa mengi, fungu la 97.06 ni la vitu vya kale vilivyozidi umri wa miaka 100. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi wa taifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kile kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Na milango iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki imewekewa mwaka wake, yaani 1946. Mistari hiyo ina faida, kwa kuwa afisa wa bandarini hawezi kufanya kazi kwa hisia. Walakini hapana mwenye akili atakayesadiki kwamba kitanda kilichochongwa mwaka 1894 kina utukufu, na nduguye wa mwaka 1896 hana.

Basi tukitazame kitanda chenyewe. Kitanda cha kamba cha mwambao kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja upande wa mchago na kingine upande wa miguuni. Ncha za mbao huchongwa ndimi zikaingia katika matundu ya matendegu, kisha kamba ikawambwa juu yake. Kamba hulegea, hapana kamba isiyolegea. Ndipo mwenye nyumba huikaza, na ikikatika huwamba upya. Tendegu likioza huchongwa jingine. Hata samadari yenye nakshi, ambayo aliyejaliwa tu ndiye aliyeweza kuiweka nyumbani, huhitaji mtu wa kuifuta vumbi na kuikinga na mchwa. Kitanda kilichodumu hivyo vizazi vitatu hakikusahauliwa na wakati. Kuna mikono iliyokikaza kila kilipolegea. Kwa hiyo ukuukuu huletwa na wakati peke yake, lakini ukongwe huletwa na watunzaji.

Asidhani msomaji kwamba nataka kila cha kale kitukuzwe. Wahenga walionya: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii twaifundisha kwa maana ya fumbo, ya kwamba siri ya jambo huijua aliye ndani yake. Lakini maana yake ya wazi haijapungua nguvu. Kunguni hujificha katika nyufa za maungio ya mbao, naye aweza kuishi miezi kadhaa bila kuonja damu. Na kuna hatari isiyouma. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kitanda cha mtoto chenye rangi kuukuu inayobanduka si urithi wa kujivunia. Theluthi moja ya maisha yetu huishia chumbani. Mapenzi ya mambo ya kale hayampi mtu ruhusa ya kuwalaza wanawe juu ya madhara.

Upande wa pili upo msemo usemao kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku hizi maduka yamejaa vitanda na makabati yaliyotengenezwa kwa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kisha yakavikwa ngozi nyembamba yenye sura ya mti. Hung'aa siku ya harusi. Yakiingia maji hufura, na skurubu ikitoka mahali pake mara nyingi haishiki tena. Chombo cha namna hiyo hupita kutoka upya hadi utupwaji bila hata kupata nafasi ya kuwa kikuukuu. Lakini kitanda kipya cha seremala mwenye kujua kazi, cha mbao zilizokauka vyema na maungio yanayoweza kufunguliwa, ni habari nyingine. Hicho ni kikongwe cha kesho. Anayekiagiza humlisha fundi aliye hai na kumpa mwanagenzi nafasi ya kujifunza; kwani kama sote tungelalia vya mababu tu, nani angejua tena kuchonga tendegu?

Kati ya hayo mawili limezuka la tatu: kipya kinachovaa sura ya kale. Huku kwetu Katanga na kwa jirani zetu wa Zambia, mti wa mukula ulikatwa kwa wingi mno katika muongo wa 2010. Magogo yake mekundu yalisafirishwa hadi China, ambako hupendwa kwa kuchongea samani za mitindo ya enzi za Ming na Qing. Mwaka 2019 mti huo uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ili biashara yake kati ya nchi na nchi ihitaji kibali. Mwaka 2022 miti yote ya jamii yake iliyomo barani Afrika, na mninga miongoni mwao, ikaingizwa pia. Tazama ajabu ya mwanadamu: kwa ajili ya kupenda kale asiyokuwa nayo, huangusha mti uliokuwa ukijikulia polepole kwa miongo mingi.

Hata hivyo, jambo lililo zito kuliko yote naliona katika bei. Tuseme mjane anahitaji karo ya mtoto, naye ana kitanda cha marehemu. Mchuuzi hufika, akakizunguka, akabofya mbao kwa kidole, akasema, "Mama, hiki ni kikuukuu tu." Hulipa bei ya kuni. Juma lililofuata kitanda kile kile kimesimama dukani mjini, na mchuuzi yule yule amwambia mgeni, "Hiki ni kikongwe, bwana, hakina mwenzake." Kitanda hakikubadilika. Kilichobadilika ni kivumishi, na katika nafasi iliyopo kati ya kivumishi na kivumishi imepotea haki ya mjane.

Wapo watakaojibu kwamba mchuuzi naye ana haki: amesafiri, amebeba, amesafisha, amehatarisha fedha zake, na ujuzi wake haukupatikana bure. Ni kweli, wala simnyimi ujira wake. Faida inayotokana na jasho na maarifa ni halali yake. Lakini sehemu ile ya faida iliyotokana na kumficha mwenzake jina la kweli la mali yake haikutokana na jasho. Nasi wanunuzi tusijitoe. Anayefurahia kupata "cha kale kwa bei ya bure" aulize kwanza ni nani aliyelipa tofauti ile.

Imebaki njia ya kwanza, ya kitanda cha urithi. Wasemao usiache mbachao kwa msala upitao mara nyingi hueleweka kama watetezi wa vikuukuu. Tuichambue sarufi yake pamoja na wanafunzi. Mbachao ni mbacha wako. Upitao ni msala unaopita. Methali haikulinganisha uzee na upya hata kidogo. Imelinganisha kilicho chako na kisichokaa. Wala neno "chako" lisichukuliwe kwa wepesi, kwani kitanda cha baba ni cha ndugu wote mpaka wakubaliane. Anayekichukua kimya kimya kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani amelalia fungu la dada zake.

Kwa hiyo mwenye chumba kitupu achague apendavyo, na hata akichanganya vyote vitatu chumba hakitaharibika. Ila kabla ya kutoa fedha ajiulize: je, nitakikaza kitakapolegea? Aliyekitoa, awe fundi, ndugu au mjane, amepata haki yake? Na jina ninalokiita leo ninapokinunua, nitathubutu kukiita jina hilo hilo siku nitakapokiuza? Swali hili la mwisho latuhusu sisi walimu kuliko wengine, maana ndio tunaowafundisha watoto vivumishi.