Joto la msikitini tunampelekea nani?

KIYOYOZI hakitengenezi baridi. Fundi yeyote wa mafriji pale Kariakoo atakwambia hivyo kabla hujamaliza kumuuliza. Kazi ya mashine ile ni kuhamisha joto: inalichukua ndani na kulimwaga nje. Gesi iliyomo kwenye mabomba hupita chumbani ikiwa baridi na kulinyonya joto la chumba. Ikitoka hapo kompresa huibana mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya mtaani, kisha feni la kile kisanduku cha nje hulipuliza joto hilo barabarani. Na si joto la chumba peke yake. Umeme ulioendesha kompresa nao huishia kuwa joto, nalo humwagwa humo humo. Kwa hiyo aliye nyuma ya ukuta hupokea zaidi ya kile kilichoondolewa ndani.

Nimeanza na ufundi kwa sababu suala ninalotaka tulijadili, ndugu zangu Waislamu, limesimama juu yake. Tunaposema "alhamdulillah, tumeondoa joto msikitini", maneno hayo hayajakamilika. Tumeliondoa tukalipeleka wapi? Na anayelipokea ni nani?

Sina ugomvi na viyoyozi. Wapo wanaosema kuviweka msikitini ni anasa, kwamba Masahaba walisali chini ya makuti ya mtende na juu ya changarawe. Hoja hiyo naiona dhaifu, na mara nyingi wanaoitoa wamekuja kwa gari lenye kiyoyozi. Dini yetu haikuliona joto kuwa jambo la kupuuzwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (saw) aliagiza joto linapokuwa kali sala ya Adhuhuri icheleweshwe mpaka hali ipoe kidogo. Maana yake ni kwamba mtu anayeungua hana utulivu wa moyo, na utulivu huo una thamani kiasi cha kuisogeza sala ndani ya wakati wake.

Lakini tazama wanavyuoni walivyoifafanua ruhusa hiyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, imefungwa na masharti: iwe nchi ya joto, iwe sala ya jamaa, na wawepo watu wanaotoka mbali kuifuata. Na kiasi cha kuchelewesha? Mpaka kuta ziwe na kivuli anachoweza kupita ndani yake mtu anayekwenda msikitini. (Wapo wanavyuoni wengine waliopanua zaidi, hilo si la leo.) Ona mafaqihi hawa walikuwa wanamfikiria nani. Hawakumfikiria aliyekwisha kaa ndani. Walimfikiria mtu aliyeko njiani, na wakapima saa ya sala kwa kivuli cha ukuta anaoupita. Sisi leo tunampima aliyekaa ndani, na huyo anayepita kwenye ukuta ndiye tunayempulizia moto.

Nitoe mfano ninaoujua, bila kuutaja msikiti. Ni huku uswahilini, nyumba zimebanana. Zimefungwa mashine nne za BTU 24,000 kila moja, na visanduku vyote vinne vya nje vimetundikwa kwenye ukuta unaotazama uchochoro wa upana usiozidi mita moja na nusu. Mashine ya ukubwa huo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huondoa chumbani joto la kama kilowati 7, na hula umeme wa kama kilowati 2. Zijumlishe, uzidishe kwa nne. Unapata kilowati 36. Ni sawa na kuzipanga pasi za umeme 36, za wati 1,000 kila moja, kwenye uchochoro ule, zote zikiwa zimewashwa. Ng'ambo ya uchochoro kuna dirisha la chumba cha kupanga. Anakaa mama mmoja na watoto, anauza maandazi.

Mama yule alikuja kwenye kamati kwa adabu zote. Alisema, "Waheshimiwa, nyie mkianza kusali mimi nahama chumba." Akajibiwa kuwa sala ni muda mfupi, asubiri, naye anapata fungu lake la thawabu. Ilikuwa Ramadhani, na Tarawehe si muda mfupi. Mzee mmoja wa kamati akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Msikiti ulitangulia, nyumba ndiyo iliyoufuata."

Tusilidharau neno la mzee, kwa sababu lina asili katika fiqhi. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kuwa mwenye nyumba anaweza kuigeuza bafu la kukodisha au zizi la wanyama hata kama imezungukwa na makazi ya watu, na mwenye duka anaweza kuweka kiwanda cha mhunzi katikati ya wauza vitambaa. Kwa haraka unaweza kusema: basi, mama wa maandazi hana kesi. Lakini Nawawi hakuishia hapo. Ameweka sharti kwamba achukue tahadhari na azitie kuta nguvu. Yaani uhuru wa kutumia mali yako unakuja pamoja na kazi ya kuizuia isimwagikie kwa mwenzio. Wahanafi walikwenda mbali zaidi. Majalla, ile sheria ya dola ya Uthmaniya iliyoandikwa katika karne ya 19, inataja moshi wa tanuri unaomfanya jirani ashindwe kukaa nyumbani kwake kuwa ni katika madhara yaliyopindukia, ambayo lazima yaondolewe.

Sasa moshi na joto vinatofautianaje? Kwa mtazamo wangu tofauti ni moja tu, kwamba moshi unaonekana. Anayepulizwa moshi ana ushahidi, nguo zake zimenuka na ukuta wake umekuwa mweusi. Anayepulizwa joto ana jasho tu, na Dar es Salaam kila mtu ana jasho. Kwa hiyo malalamiko yake yanaonekana ni kero za mtu mwenye roho nyepesi.

Isitoshe, Nawawi alikuwa anamzungumzia mtu na nyumba yake. Msikiti si nyumba ya mtu. Ni wakfu, na kamati ni wasimamizi. Mtu binafsi anaweza kusema "ukuta wangu". Katika kamati ya msikiti nani mwenye ukuta? Kama jina la msikiti ni nyumba ya Allah, basi tunampuliza jirani joto kwa jina la nani?

Kuna watakaosema nakuza jambo, eti mbona hata Haramu mbili zina viyoyozi. Ndiyo, zinavyo, na huo ni mfano mzuri dhidi yao. Mtambo unaoupoza Msikiti wa Mtume pale Madina hauko ukutani mwa msikiti. Uko umbali wa kama kilomita 7, maji yanapozwa huko na kuletwa kwa mabomba yanayopita chini ya ardhi. Joto la wenye kusali linatolewa kule, mbali na wanaosali na mbali na wapita njia. Hiyo ndiyo tahadhari aliyoisema Nawawi, imefanywa kwa chuma na fedha. Hatuna fedha hizo, sawa. Lakini kupandisha visanduku vinne juu ya paa ni mabomba ya mita chache.

Na huko huko Hijaz tumeona pia baridi inavyoweza kuwa mpaka kati ya mtu na mtu. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilifika nyuzi 51.8 kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka. Mamlaka za Saudi Arabia zilitangaza vifo 1,301, na zikasema asilimia 83 ya waliokufa walikuwa wasio na vibali, waliotembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Sibishani na utaratibu wa vibali. Bila utaratibu watu hukanyagana, hilo tumeliona pia. Ninachokisema ni kwamba wote wale walivaa ihramu, vazi ambalo tunafundishana kuwa linamfanya tajiri na maskini wawe sawa. Mashuka yalikuwa sawa. Hewa waliyopumua haikuwa sawa, na kifo kiliwaangukia zaidi wale walioachwa nje ya mahema yenye ubaridi. Tunaposoma habari hiyo tunasikitika na kumlaumu wakala na serikali. Uchochoro wetu hatuutazami.

Wala hatutazami mbali hivyo. Misikiti kadhaa niliyosali ina mashine mpya upande wa wanaume, na upande wa akina mama kuna pangaboi moja linalolia kama mgonjwa. Ukiuliza unaambiwa akina mama ni wachache. Na watakuwaje wengi humo?

Halafu kuna hesabu ya umeme, nayo niitaje kwa ufupi. Mashine nne zile zikiwashwa saa tatu kwa siku, zikila uniti 8 kwa saa, ni uniti 24 kwa siku na 720 kwa mwezi. Nchini kwetu kaya ya matumizi madogo ni ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Umeme wa msikiti mmoja unaweza kuwatosha majirani zaidi ya tisa wa aina hiyo, na baadhi yao ndio wanaotia mia tano kwenye sanduku la Ijumaa linalonunua LUKU. Sisemi ni haramu. Nasema mtoaji ana haki ya kujua fedha yake inapoza nini, na kwa nini rimoti imewekwa kwenye 16 wakati waumini wa safu ya mbele wanajifunika kanzu magoti.

Jambo jingine ambalo mafundi wetu hawalisemi ni kwamba mashine hizi za kawaida za ukutani haziingizi hewa mpya. Zinaizungusha ile ile. Msikiti uliojaa watu mia tatu, madirisha yamefungwa ili baridi isitoroke, hewa inayozunguka ni ile waliyokwisha kuivuta na kuitoa wenzako. Ndiyo maana khutba ikifika katikati vichwa vinaanguka, na khatibu wa watu analaumiwa bure kuwa hana mvuto. Kifua kikuu nacho husambaa vizuri mahali kama hapo, na mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulitufundisha kufungua madirisha. Somo hilo tumelisahau upesi sana.

Wazee wetu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, chokaa nyeupe, dari ndefu, milango pande mbili ili upepo wa bahari uingie huku na kutokea kule. Hawakuwa na umeme, kwa hiyo iliwabidi waujue upepo. Sisi tunajenga msikiti kwa vioo vya aluminiamu vinavyofunguka nusu, vikitazama jua la magharibi bila hata kibaraza cha kuvikinga, dari fupi ya zege, mabati juu yake. Tunajenga tanuri, kisha tunaitisha harambee ya mashine za kulipoza. Nimeona ramani za misikiti mipya mitatu. Mahali pa kutundika viyoyozi pamechorwa. Mahali pa kupita upepo hapajachorwa.

Na mashine zenyewe, nyingi ni za bei nafuu au zilizotumika. Gesi ya R-22 iliyomo kwenye zile za zamani huharibu tabaka la ozoni, na uzito kwa uzito hulipasha joto anga kiasi cha mara 1,800 kuliko hewa ya ukaa. Gesi zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni lakini nyingi bado hupasha joto anga, ndiyo maana mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza. Fundi wetu anapokuja kufanya matengenezo hufungua nati, fuuu, gesi yote imekwenda angani, kisha anajaza mpya. Hakuna anayemuuliza. Uchochoro huo ni mpana kidogo, tunakaa humo wote.

Katika msikiti niliouelezea, fundi amekwisha pima. Visanduku vyote vinne vinaweza kupanda juu ya paa, na maji yanayodondoka yakashushwa kwa bomba mpaka kwenye michongoma badala ya vichwani mwa wapita njia. Bei aliyotaja inakaribia kabisa fedha zilizochangwa kwa ajili ya zulia jipya. Zulia la sasa lina miaka sita na halijatoboka. Nimependekeza zulia lisubiri, na mama wa maandazi aitwe aseme mwenyewe mbele ya kamati badala ya kusemewa. Kikao ni Jumapili hii baada ya Isha, na mpaka naandika makala hii wajumbe wawili wameniunga mkono na mzee wetu bado anasema msikiti ndio uliotangulia.