Wajane Waliosahauliwa



Matendo ya Mitume sura ya 6 yasimulia habari za wajane wa wale waliosema Kiyunani. Chakula kiligawanywa kila siku, nao wakasahauliwa. Mitume hawakukemea manung'uniko hayo, walirekebisha mgawanyo.

Huku Shinyanga na Geita tunao watoto wenye selimundu, ambao mifupa huwauma hata wakalia usiku kucha. Dawa iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watu wazima wa Marekani na Kanada, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba yapunguza maumivu hayo. Lakini wagonjwa wengi wamo Afrika! Wataalamu walisita kuwapa watoto wetu, wakihofu malaria. Hofu ilikuwa na sababu. Kukaa muda mrefu hivyo bila kupima ndiko kulikokosa haki. Hatimaye watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda walipewa, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha maumivu yamepungua kwa zaidi ya nusu, na malaria pia.

Sasa mkulima wa pamba na mchimbaji mdogo waipateje? Wajane wale hawakuhesabiwa tu, walilishwa. Basi wazee wa kanisa wakisikia mtoto analalamika mifupa, wasiseme amerogwa; wamwongoze mzazi apimishe damu ya mwanawe, na sadaka ya huruma isaidie nauli ya Bugando.