Kuweka Akiba Wakati wa Khofu: Je, ni Kukosa Tawakkul?

Mwanzoni mwa mwaka 2019, baada ya darsa ya jioni, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu akiwa na suala alilotumwa na bintiye kwa simu. Binti huyo ameolewa Leicester, nchini Uingereza, na kijana wa Kibarawa ambaye wazee wake walikimbia vita vya Somalia, wakapata hifadhi Uholanzi na uraia wa huko, kisha wakahamia Uingereza kama walivyofanya wengi wa jamaa zao. Wana mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye maradhi ya sukari, naye hana budi kupigwa sindano ya insulini kila siku. Akasema yule mama: "Maalim, huko wasema nchi itajitoa Ulaya mwezi wa tatu, na dawa huenda zikakwama bandarini. Mwanangu auliza, akiweka dawa na unga wa kutosha ndani ya nyumba, je, atakuwa amekosa kumtegemea Mwenyezi Mungu?"

Nikamjibu papo hapo, kwa sauti ya mtu ajuaye: "Mwambie atawakali, dada yangu. Aliyemruzuku jana ndiye atakayemruzuku kesho." Akaitikia, akaenda zake. Maneno yale ni ya kweli, lakini hayakuwa jawabu la suala aliloulizwa mtu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Yafaa kwanza tulijue jambo lenyewe, kwani wengi wetu tuliisikia khabari hii kama kelele za mbali. Uingereza iliingia katika jumuiya ya biashara ya Ulaya tarehe 1 Januari, 1973. Mwaka 1975 wananchi wakaulizwa kama wabaki, na thuluthi mbili ya waliopiga kura wakasema wabaki. Tarehe 23 Juni, 2016 wakaulizwa tena, na mara hii waliotaka kutoka walikuwa asilimia 51.9 na waliotaka kubaki asilimia 48.1. Waziri Mkuu David Cameron akatangaza asubuhi yake kuwa atajiuzulu. Pauni ilianguka usiku ule hata ikafika chini kuliko ilivyopata kuwa mbele ya dola tangu 1985, na nyumba za pwani zinazotegemea chochote kinachotumwa na watoto walio London zilijua hivyo kabla ya kuelezwa na gazeti, maana pauni zile zile zilileta shilingi pungufu.

Mimi si mwanasiasa, wala sisemi kama Waingereza walifanya vyema kutoka au vibaya. Nchi ni yao na rai ni yao. Lakini katika jambo hili mna masuala ambayo sheria yetu imeyazungumza tangu zamani, nasi twapenda kudhani kwamba fiqhi ya mikataba ni ya kuuzia mbuzi tu.

La kwanza ni kutoka katika ahadi. Mwanzo wa Suratul Maida tumeamrishwa tutekeleze mapatano yetu, na Mtume wetu (S.A.W.) alishikamana na sulhu ya Hudaybiyya hata pale ilipomuuma, alipomrejesha Abu Jandal naye amekuja na minyororo yake. Hata hivyo kutoka katika mkataba kwa njia iliyo wazi si khiyana. Katika Suratul Anfal tumefundishwa kuwa hata tukichelea khiyana kwa tulioahidiana nao, tuwarudishie ahadi yao hadharani, pande zote mbili zijue sawasawa. Uingereza ilitumia mlango uliokuwamo ndani ya mkataba wenyewe, yaani kifungu cha 50, ikatoa ilani yake kwa barua tarehe 29 Machi, 2017, na ikakubali kulipa madeni yake. Kwa hayo hatuna la kuilaumu.

La pili lina uzito zaidi. Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari, nayo ni kuuza kitu kisichojulikana sifa yake, kama samaki aliyemo majini au ndege aliye angani. Karatasi ya kura ya mwaka 2016 iliuliza kubaki au kutoka. Kubaki kulijulikana, maana watu walikuwa wamo ndani yake. Kutoka hakukujulikana ni kutoka gani: je, wabaki sokoni na kuacha siasa? Waache yote? Mpaka wa Ireland ya Kaskazini, ambao amani yake ilipatikana kwa taabu mwaka 1998, utakuwaje? Kila muuzaji alimsifia mnunuzi samaki wake mwenyewe, na wote samaki hao walikuwa bado baharini. Ndipo Bunge lao lilipoletewa mapatano ya Waziri Mkuu Theresa May likayakataa Januari 2019 kwa tofauti ya kura 230, likayakataa tena mara mbili mwezi wa Machi. Walioyakataa wengine walitaka kutoka zaidi na wengine hawakutaka kutoka kabisa, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusema kuwa hiki sicho alichonunua.

Basi siku ya kutoka ikawa 29 Machi, ikasogezwa 12 Aprili, ikasogezwa 31 Oktoba, ikasogezwa 31 Januari, 2020. Hapo nchi ikatoka kwa jina, na mambo yakabaki yalivyo hadi mwisho wa mwaka huo. Mkataba mpya wa biashara ulipatikana tarehe 24 Desemba, 2020, zikiwa zimebaki siku saba tu. Hata Kenya yetu, ambayo chai yake na maua yake na mboga zake huuzwa huko, ilitia saini mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba, wiki tatu na ushei kabla ya muda kwisha.

Katika Suratun Nisaa mume mwenye wake zaidi ya mmoja amekatazwa asielemee upande mmoja kabisa, akamwacha mwengine kama kitu kilichotungikwa. Wanavyuoni wa tafsiri wameeleza: si mke wa kukaa na mumewe, wala si mtalaka wa kwenda kuolewa kwengine. Nami nimewaona watu hao waliotungikwa. Wazungu wa Ulaya na wenye uraia wa Ulaya waliokaa Uingereza hawakuwa chini ya milioni tatu, na baada ya kura hakuna aliyewaambia kwa yakini kama watakaa au watakwenda. Mkwe wa mama yule ni mmoja wao. Tena lina ajabu yake jambo hili: mkewe, mzaliwa wa Mombasa mwenye pasipoti ya Kenya, aliruhusiwa kupiga kura ile kwa kuwa Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, yeye mume, mwenye pasipoti ya Uholanzi, aliyesoma huko na kulipa kodi huko, hakuruhusiwa. Ukaamuliwa ukaazi wake naye akitazama.

Anayemwachisha mtu kazi leo amemdhulumu au hakumdhulumu, hilo laweza kuhukumiwa. Lakini anayemwambia mtu kila mwezi "ngoja kidogo" kwa miaka mitatu, amemla umri wake bila ya kuacha alama. Mtu huyo hanunui nyumba, hamwingizi mtoto skuli mpya, hamtumii mamaye fedha alizozoea kumtumia, kwa kuchelea kesho. Sisi wa mwambao twalijua hili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa na haukufunguliwa hadi 1983, na mali za Jumuiya hazikugawanywa kwa mapatano hadi 1984. Waliokuwa na ndugu Vanga na Tanga walikosa kuzikana.

Sasa nirejee kwa unga na dawa. Hapo ndipo nilipoteleza.

Nilipokaa na vitabu vyangu usiku ule nilikuta kwamba lile nililolifanya kinyume cha tawakkul lilikuwa katika mwendo wa Mtume mwenyewe. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Nabii Yusuf (A.S.) aliweka ngano ya miaka saba, na akaelekeza iachwe katika mashuke yake isioze. Na yule aliyeuliza kama amfunge ngamia wake atawakali au amwache atawakali, aliambiwa amfunge kwanza. Haya nimeyasomesha watoto miaka arubaini. Ila nilipoulizwa na mama mwenye mjukuu mgonjwa niliyasahau, kwa sababu kumwambia mtu "tawakali" ni jambo jepesi na humaliza mazungumzo.

Lakini uko mpaka. Mtume (S.A.W.) amemhukumu mwenye kufanya ihtikari kuwa ni mkosa, na ihtikari ni kuzuilia watu chakula ili bei ipande. Mwenye kuweka gunia la unga kwa ajili ya watoto wake si mhtikari. Je, wakiweka wote kwa siku moja? Hapa fiqhi yataka kufikiri, kwani dhara huweza kufanywa na watu elfu, kila mmoja wao akiwa na nia safi. Mwisho wa Septemba 2021 Waingereza walikosa petroli. Mafuta yalikuwamo nchini; waliopungua ni madereva wa malori, wengine kwa kuwa walirudi makwao Ulaya na wengine kwa kuwa mitihani ya udereva ilisimama wakati wa korona. Zilipotangazwa khabari kwamba vituo vichache vimekosa, kila mwenye gari alikwenda kujaza tangi, na vituo vikakauka kwa ile khofu ya kukauka. Mwezi wa Oktoba askari wa jeshi walipewa malori waendeshe.

Kwa insulini jambo ni zito zaidi, kwani karibu yote itumikayo Uingereza hutoka nje. Serikali yao iliwataka wenye makampuni ya dawa tangu Agosti 2018 waweke akiba ya wiki sita zaidi ya kawaida, na ikawaomba wagonjwa wasijiwekee wenyewe. Nalikubali ombi hilo, kwa sharti kwamba aliyelitoa atimize upande wake. Mwenye mamlaka akimwambia raia "usiweke, mimi nitakuwekea," amejitwika amana. Asipoweka, si haki tena kumlaumu mama aliyeficha chupa mbili. Nao waliweka kweli, na dawa hazikukatika. Haki yao ni kusemwa.

Katika uchache bora kuliko wote ni mwendo wa Ash'ari, kabila la Abu Musa (R.A.). Chakula kilipowapungukia, safarini au mjini, walikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, wakagawana kwa pishi moja sawa kwa sawa, na Mtume (S.A.W.) akasema maneno ya kuwapenda na kujinasibisha nao. Hawakuambiwa wasiwe na akiba. Kila mmoja alikuwa na chake kidogo, na ndicho alichokileta kwenye nguo.

Baada ya siku kumi hivi nilikwenda nyumbani kwa mama yule. Nikamwambia jawabu langu la mwanzo alifute, nikamweleza haya: kwamba bintiye aweke chakula cha kiasi cha nyumba yake, aende kwa daktari na kuomba dawa mapema asingoje siku ya mwisho, asichukue zaidi ya haki ya mwanawe, na amtazame jirani yake mwenye mtoto kama huyo.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, alikuwa amekwisha weka. Siku alipouliza, unga ulikuwa kabatini, na visanduku viwili vya dawa vilivyobaki na miezi iliyopita viko ndani ya friji. Alitaka ajue tu kama amekosa. Nami nilimpa jawabu lako, na tangu siku ile kila akifungua friji anipigia simu analia."

Nikamwomba anipe simu nizungumze naye mwenyewe.